Sharti la Salamu

Kuna sharti moja katika kazi yetu ya ushauri nasaha ambalo watu wa Kisauni hawajanisamehe mpaka leo. Mshauri akikutana na mteja wake nje, iwe sokoni, harusini au kituoni, hamsalimii. Anangoja mteja amsalimie kwanza. Mteja akipita kimya, mshauri naye apite kimya, asije mtu wa pembeni akauliza, "Nyinyi wawili mwajuana wapi?" na mteja akakosa jibu. Chuoni nililiona ni sharti la busara sana. Mwalimu aliyetufunza alikuwa mtu wa bara, na huko labda mtu hupitwa barabarani akaendelea na safari yake kwa amani. Huku kwetu kumpita mtu unayemjua bila salamu ni kutafuta ugomvi, na kumpita mtu mzima bila shikamoo ni kutafuta laana.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimkuta mteja kwa muuza nyanya hapa Mjambere. Nikainamia vitunguu, nikavikagua kimoja kimoja kama mtu anayetaka kuvioa. Nikasikia nyuma yangu: "We kaunsela! Jana nimekulilia saa nzima, leo wanipita kama gunia la makaa?" Soko zima likageuka. Siri niliyokuwa nikiilinda aliitangaza mwenyewe, na lawama nikapata mimi. Tangu siku hiyo kila mteja mpya namweleza habari ya sharti hilo kabla hajakaa vizuri kitini, na bado wapo wanaoninunia.

Nasimulia haya kwa sababu siku moja sharti hilo lilinikamata mimi mwenyewe, mbele ya mama yangu mzazi.

Watu wengi hawajui kwamba sisi pia hukaa kwenye kiti cha mteja. Mganga hajigangi, na waliopanga masomo yetu walilijua hilo. Hupewi cheti mpaka uwe umekwenda kwa mshauri wako mwenyewe, ukakaa mbele yake ukatoa machozi na kamasi kama wengine. Wenzangu wengi walikwenda saa zile walizotakiwa, wakaaga. Mimi nilikwenda miaka minne, kila Alhamisi saa tisa alasiri. Mshauri wangu alikuwa mama mtu mzima, mzaliwa wa Mji wa Kale, wa ukoo wa zamani, aliyehamia Nyali na kufungua chumba nyuma ya nyumba yake. Viatu unavua mlangoni. Ndani mna viti viwili, feni inayogonga kila inapozunguka, na yeye na buibui lake na miwani yake mikubwa. Hakuwa mwingi wa maneno. Alikuwa na "mm" yake, fupi, inayopanda kidogo mwishoni, na kwa hiyo "mm" moja angeweza kukutoa habari ya miaka ishirini.

Mimi habari yangu ilikuwa moja. Nilipokuwa na miaka sita, mama alinipeleka Kaloleni kwa hawe, yaani nyanya yangu mzaa mama, akarudi Mombasa kufanya kazi ya ndani. Alilea watoto wawili wa familia moja ya Nyali. Nyumbani alikuja Krismasi na Pasaka, siku tatu tatu, na siku zote tatu alizungumza juu ya wale watoto: mmoja analala na taa, mwingine hali bamia. Mimi nilikaa mkekani nikimsikiliza, nami bamia sili, na hakuna aliyekuwa akilijua hilo ila hawe. Alinichukua nilipofika miaka kumi na minne. Hakuwahi kuniambia neno juu ya miaka ile minane. Hakusema pole, hakusema ilikuwaje. Alinichukua kama mtu anayechukua nguo kwa fundi, tukaendelea na maisha.

Miaka minne nililisubiri neno hilo mbele ya yule mama wa Nyali. Nililisubiri kwa hasira, kwa machozi, na wakati mwingine kwa maelezo marefu ya kitaalamu yaliyomfanya avue miwani na kuifuta. Mwaka wa nne akaniuliza, taratibu kama mtu anayeuliza bei ya samaki asiyemtaka, "Na lisipokuja?"

Nilimchukia wiki tatu nzima. Wiki ya nne nikasema, "Lisipokuja, nitaishi." Tukakaa na jibu hilo miezi kadhaa, tukaligeuza huku na huku, tukaona limesimama. Tukapanga siku ya mwisho.

Siku ile niliuliza lile swali ambalo wateja wangu huniuliza mimi. "Na tukikutana nje?"

"Mimi sitakusalimu mpaka unisalimu wewe," akasema. "Haki hiyo ni yako. Ukitaka kupita, pita, wala sitakuona mbaya."

Nikavaa viatu vyangu mlangoni nikaenda zangu.

Alhamisi iliyofuata, ilipogonga saa tisa, nilishusha mapazia yote ya nyumba nikayafua, hata yale ya sebuleni niliyokuwa nimeyafua Jumapili. Hakuna aliyekuwa amenitahadharisha. Vitabu vyetu vimejaa habari za mteja anayemaliza, lakini mshauri anayemaliza ushauri wake mwenyewe ni kama mpishi anayekula: hakuna anayesimama kumtazama. Kwa wiki nyingi niliendelea kuweka mambo akiba ya kumpelekea. Likitokea la kuchekesha kanisani, naliweka. Mtu akiniudhi, namweka na maneno yake yote, kisha nakumbuka sina pa kumpeleka. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye alikiri kwangu kwamba yeye siku ya mwisho aliacha mwavuli kwa mshauri wake makusudi, apate sababu ya kurudi. Akaurudia mwavuli wake. Akaukuta umetundikwa nje mlangoni, na mlango umefungwa. Tulicheka mpaka tukashikana.

Kazini nako mambo yalibadilika. Siku moja mteja alikuwa akinisimulia habari ya mumewe, nami nikajisikia nikisema "mm", fupi, inayopanda kidogo mwishoni. Nilishtuka kama mtu aliyejikuta amevaa gauni la jirani. Nilijaribu kuiacha, ikawa inanitoka yenyewe. Mwisho nikaiacha ikae. Lakini kitu kizuri pia kilikuja. Zamani mteja akitaka kumaliza nilikuwa namvutavuta kidogo kwa maneno, "bado tuna kazi, tusiharakishe," na ukweli ni kwamba mimi ndiye nilikuwa naogopa kuachwa. Sasa naweza kumwambia mtu, "Utamaliza, na Alhamisi yako itakuuma, na utafua mapazia," nikimaanisha kila neno.

Basi nilijiona nimepona. Nilikuwa hata naringa kidogo. Ndipo mama akaja kukaa kwangu.

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alikaa nao Kaloleni akiuficha, mpaka siku alipomwaga chumvi kwenye chai ya mchungaji. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, afanyiwe upasuaji Mombasa. Nikamtayarishia chumba, nikamnunulia godoro jipya, nikamweka karibu na choo asijikwae. Wiki ya kwanza nilikuwa malaika. Wiki ya pili akanipikia bamia.

Alizipika kwa kupapasa, kwa mapenzi yote, akazitia na nazi. Akakaa mbele yangu akisikiliza kijiko changu. Kisha akasema, "Yule mdogo wa Nyali alikuwa hali bamia kabisa. Ilikuwa ni vita." Akacheka peke yake.

Nilikula zote. Kila kijiko kilishuka na miaka minane juu yake. Nikaenda jikoni nikashika sinki, na hapo ndipo nilipojua kilichokuwa hatarini. Nilimwambia yule mama wa Nyali kwamba nitaishi bila neno lile, naye akaniamini, tukafunga. Ikiwa sahani moja ya bamia inaweza kunirudisha mkekani nikiwa na miaka sita, basi sikumaliza kitu, na wale wote ninaowaahidi kwamba watamaliza nawadanganya. Kingine kilikuwa kidogo zaidi na kiliniuma zaidi. Mama alikuwa mzee na alikuwa haoni. Sikutaka miaka aliyobakiwa nayo niipitishe nikimtumikia vizuri huku nimemnunia.

Nilijaribu ufundi wangu kwake. Nilimketisha jioni moja nikamuuliza kwa sauti ya kazi, "Mama, unajisikiaje siku hizi?"

"Nasikia njaa," akasema.

Nikakaa kimya kama tulivyofunzwa, nimpe nafasi. Nafasi ikapita. Akageuza uso kunitafuta. "Mbona umenyamaza, mwanangu? Kama huna la kusema, nipe mchele niuchambue." Haoni, na anataka mchele auchambue. Nikampa. Akauchambua kwa vidole na kutoa mawe yote.

Siku ya kupimwa kabla ya upasuaji tulikwenda kliniki ya macho mapema. Ilikuwa kliniki ndogo ya hapa hapa Kisauni, ukumbi mmoja wenye mabenchi yaliyoegemea ukuta, na nesi mwenye kichupa cha dawa anayepita akiwatia watu matone ya kupanua mboni. Ukishatiwa, unafumba macho nusu saa. Kwa hiyo ukumbi mzima ulikuwa umejaa watu wazima waliofumba macho, wameinua nyuso kama waumini wanaosubiri baraka. Mama alisimama mlangoni akiwa ameshika kiwiko changu, akatoa salamu ya kutosha kijiji. "Hamjambo nyote? Mumeamkaje?"

"Hatujambo! Shikamoo, mama."

"Marahaba, marahaba, wanangu."

Ndipo nikamwona. Alikuwa mwisho wa benchi, buibui lile lile, miwani ameivua ameishika mapajani. Miezi minane ilikuwa imepita. Sikuwahi kumwona bila miwani kwa zaidi ya ile dakika ya kuifuta, na nilimwona mdogo, mchovu, mtu kama watu. Alikuwa hajatiwa dawa bado. Aliinua macho, yakanipata, yakatulia juu yangu, kisha yakashuka polepole kwenye miwani yake. 

Nami nikangoja anisalimie.

Natafuta neno la kujitetea na silipati. Mazoea ya kazi yalinishika. Miaka yote nimejifunza kufunga mdomo nikimwona mtu wa chumbani nje ya chumba, na mdomo ukajifunga wenyewe. Nilisahau kwamba safari hii mteja ni mimi. Yeye alikuwa akishika sharti lake, nami nikashika sharti lisilonihusu, tukatazamana kama kuku wawili mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake. Hata nesi alinitazama, maana kila aliyeingia pale alimpa yule mama shikamoo yake.

"Mketishe mama pale," nesi akasema. Nafasi ilikuwa imebaki moja tu, ubavuni kwa mshauri wangu.

Nikamketisha. Bega la mama likagusana na bega lake. Mwanamke niliyemsema miaka minne, na mwanamke niliyemwambia, wamekaa benchi moja, na kati yao hapaingii hata kitabu cha hospitali. Nikatoka pale karibu mbio kwenda dirisha la kuandikisha.

Foleni ya dirishani ilikuwa ndefu. Niliporudi, wote wawili walikuwa wameshatiwa dawa na wamefumba macho. Kulikuwa na nguzo hatua mbili kutoka kwenye benchi, nikasimama nyuma yake. Mama hakujua kwamba nimerudi. Ningeweza kukohoa. Mtu mwenye adabu angekohoa.

"Mamangu," mama alikuwa akisema, uso umeelekea juu, "mimi ni mgeni hapa, na macho yangu hayaoni, lakini masikio ninayo. Mwanangu amenileta mpaka ubavuni mwako na hakukuamkia. Nimesikia. Naomba umsamehe."

"Hakuna kosa, mamangu," mshauri wangu akasema kwa ile sauti yake ya Kimvita, ya polepole. "Mimi sikuona kosa."

"Wanifichia haya tu. Kosa lipo. Lakini usimwone ana kiburi, si mtoto wa kiburi. Kosa ni langu mimi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu sikumlea."

"Mm," akasema yule mama.

Niliijua "mm" ile. Nikataka kuruka nimzibe mama mdomo, maana yeye hakujua kinachofuata baada yake. Lakini mama alikuwa ameshachukuliwa.

"Nilimwacha kwa mamangu akiwa na miaka sita. Nikaja hapa Nyali kulea wana wa watu. Wale niliwafunza kuamkia, wallahi wakaamkia wakubwa mpaka mabibi wa kizungu wakashangaa. Kila mkono wanaompa mtu, mimi nimeufunza. Na wangu yuko kule, anafunzwa na nani? Mamangu alikuwa mzee, alikuwa shambani. Nilikosea, mamangu. Baba yake alikuwa ameshaondoka, njaa ilikuwepo, lakini nilikosea. Ningekuja naye, hata tungelala chini. Nilipomchukua alikuwa mkubwa, ananitazama kama mgeni, nikaona haya kumfunza. Utamfunzaje adabu mtu uliyemkosea?"

Neno lilikuwa limekuja. Nililizika mbele ya shahidi wangu, na sasa limekuja na njia zake lenyewe, kwenye benchi la kliniki, limeletwa na shikamoo niliyoinyima. Hakuniambia mimi. Alimwambia mtu pekee duniani aliyejua nimelisubiri muda gani.

Na nitasema kweli, jambo la kwanza nililohisi lilikuwa wivu. Huyu ni mshauri wangu! Mama amekaa naye robo saa, bila miadi, na amefika mahali ambapo mimi nilifika mwaka wa tatu. Wivu ulipopita ndipo nikaishika ile nguzo.

Nilijua swali linalofuata. Mimi ningeliuliza, mwanafunzi yeyote wa kazi hii angeliuliza: "Umewahi kumwambia mwenyewe?" Lilikuwa limeiva kabisa, linangoja kuchumwa tu. Nikamwona mshauri wangu akivuta pumzi, macho yamefumba, vidole vimebana miwani. Hakuliuliza. Angeliuliza, angekuwa ameitumia siri yangu, hata kama ni kwa faida yangu. Aliiacha nusu saa ile ibaki ya mama peke yake. Akasema tu, "Pole, mamangu. Pole sana kwa yote hayo." Mama akaitikia kwa sauti ndogo niliyokuwa sijaisikia kwake maisha yangu yote, "Nishapoa."

Nesi akaita jina la mama. Mshauri wangu akafumbua macho, akamtafuta mama kwa mikono, akamshika mikono yote miwili akamwinua. "Mungu akupe afya ya macho, mamangu."

Nikatoka nyuma ya nguzo. Mashavu yangu yalikuwa yamelowa, lakini mle ndani nani angejua, kila mtu alikuwa analia dawa.

"Shikamoo," nikasema.

Aligeuka. Kwa mboni zile zilizopanuka sidhani kama aliona zaidi ya kivuli. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Mchukue mama, anaitwa."

Miaka minne hakuwahi kuniita mwanangu. Ndani ya chumba kile alikuwa akiniita kwa jina langu na hakuongeza kitu. Nje nilikuwa mtoto wa mtu kama wengine, aliyechelewa kuamkia, na neno lile lilinipoza mpaka kwenye mifupa.

Mama alipimwa, akapewa siku ya upasuaji. Tulipotoka, jua lilimchoma macho, akajifunika kanga kichwani mpaka usoni. Akataka chai. Nikampeleka kibarazani kwa mama mmoja auzaye mahamri na mbaazi karibu na barabara ya Malindi, tukakaa kivulini. Alimaliza hamri la kwanza. La pili akaanza kunigombeza.

"Leo umenitia aibu. Mtu mzima wa watu. Ukaamkia ushachelewa, tumeshanyanyuka."

"Abee, mama. Nimekosa." Nikaweka kikombe chini. "Mama, yule namjua."

"Wamjua? Ndiyo mbaya zaidi!"

Basi nikamweleza. Nilimwambia habari ya sharti letu, na kwamba hata sisi huenda kwa wenzetu kusema yetu. Nilimwambia habari ya Alhamisi. Sikuwa nimepanga, wala sikutumia sauti ya kazi. Mama akasikiliza chini ya kanga yake. Sikuona uso wake.

"Miaka minne," akasema. "Ukimwambia nini muda wote huo?"

"Yangu. Na yako."

"Yangu yapi?"

"Ya kuniacha Kaloleni."

Tuktuk likapita likatuachia vumbi. Mama akafunika kikombe chake kwa kiganja mpaka vumbi likatua.

"Ulimwambia nilikuja Krismasi?"

"Nilimwambia."

"Na Pasaka?"

"Na Pasaka."

"Ulimwambia kila nikirudi nilikuwa nalia toka Kaloleni mpaka Mazeras, mpaka makanga wa basi wakanijua?"

"Hilo nilikuwa silijui, mama."

"Ungelijuaje. Ulikuwa umebaki." Kisha shingo ikakakamaa, nikajua jambo limemjia. "Nilipokuwa nikizungumza naye, wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya nguzo."

"Umesikia."

"Nimesikia yote."

"Hukufunzwa hata kukohoa!" Akagonga meza kwa kiganja, mahamri yakaruka. "Basi kama umesikia, umesikia. Nimelisema mara moja na silirudii. Usije ukaniweka kitini jioni ukaniuliza najisikiaje."

"Sitakuuliza."

Nilikuwa nacheka na nalia, na mwenye mbaazi akaniletea maji bila kuombwa. Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa tayari kuita tuktuk, twende nyumbani, na ningeridhika. Nilikuwa nimepewa zaidi ya nilichokwishakubali kukikosa. Lakini mama alikuwa bado yuko pale kwenye benchi. Alikuwa ameshusha kanga kidogo, akivumilia mwanga, anatazama mahali sauti yangu ilipo.

"Kumbe alikuwa akinijua," akasema. "Kabla sijafungua mdomo. Alijua ni mimi, yule mama wa hadithi zako."

"Alijua."

"Na akanishika mikono yote miwili."

"Nimeona."

"Yule ananijua kwa mabaya tu, mwanangu, na amenishika. Mema yangu hukumpelekea, usinidanganye, nami ningekuwa wewe nisingempelekea." Akavuta pumzi. Akaiweka mikono yake mezani katikati ya vikombe, viganja juu, ile mikono iliyofunza watoto wa watu kusalimia. "Haya. Wewe wanijua kwa yote. Nawe je?"